SOMO LA WIKI: Kemshafti ya pikapu ya lami na porini, nunua kwa kazi na si kwa sifa

Mwenye pikapu anayebeba mazao kutoka shambani hadi sokoni anafanya kazi mbili kwa gari moja: kupanda njia ya udongo akiwa na mzigo, kisha kukimbia kwenye lami. Kemshafti ya injini yake ikichakaa, dukani hupewa uchaguzi: ya kawaida, iliyo sawa na ile ya kiwandani, au ile "ya nguvu zaidi". Wengi huvutwa na ya pili. Somo la wiki hii linaeleza jinsi uamuzi huo unavyoweza kula mtaji, na namna ya kuufanya kwa hesabu.

Kemshafti inafanya nini

Kemshafti ni mhimili wenye nundu zinazofungua valvu za injini. Huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Umbo la nundu ndilo linaloamua valvu iinuke kiasi gani na ikae wazi kwa muda gani. Muda huo hupimwa kwa digrii za mzunguko wa krankshafti.

Valvu ikikaa wazi muda mrefu, injini inayozunguka kwa kasi hupata nafasi ya kuvuta hewa zaidi, na nguvu za farasi huongezeka. Lakini injini hiyo hiyo ikienda polepole, valvu ya kuingiza huchelewa kufunga wakati pistoni imeshaanza kupanda. Sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli husukumwa kurudi ilikotoka. Mgandamizo hupungua, na uwezo wa kuvuta mzigo hupungua pamoja nao. Kwa lugha ya biashara, unachokipata juu umekilipia chini.

Hesabu ya mizunguko

Swali la kwanza basi ni hili: gari lako linapata riziki kwenye mizunguko mingapi? Tuchukue Toyota Hilux yenye injini ya petroli ya 22R, lita 2.4. Tuseme difu yake ni ya uwiano wa 4.1, na tairi likizunguka mara moja gari husogea mita 2.2.

Kwenye lami, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari huenda mita 1,333 kwa dakika. Gawanya kwa 2.2, unapata mizunguko 606 ya tairi. Zidisha kwa 4.1. Katika gia ya nne, ambayo ni ya moja kwa moja, injini inazunguka kama mara 2,500 kwa dakika. Sasa panda kilima kwa kilomita 20 kwa saa katika gia ya pili, tuseme yenye uwiano wa 2.1. Hesabu ile ile inakupa kama mizunguko 1,300.

Kwa hiyo kazi yote ya gari hili iko kati ya 1,300 na 2,500, au 3,000 dereva akiwa na haraka. Kemshafti ambayo karatasi yake inasema inafaa kuanzia 2,500 hadi 6,000 inaanza kazi pale gari lako linapomalizia. Anayebeba mzigo anahitaji ya kawaida, au iliyozidi kidogo tu, inayoanza kuvuta kwenye mizunguko kama 1,000.

Tahadhari na mizani

Watengenezaji hawapimi digrii kwa namna moja. Wapo wanaoanza kuhesabu nundu inapoanza tu kuinua, na wapo wanaosubiri iinue inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Kemshafti moja yaweza kuandikwa 268 kwa kipimo cha kwanza na 218 kwa cha pili. Anayelinganisha namba hizo bila kuuliza kipimo ni sawa na anayelinganisha bei ya debe na bei ya kilo.

Gharama kamili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bei ya kemshafti ni mstari wa kwanza tu wa hesabu. Nundu mpya zikifanya kazi na roka zilizolika, zitalika nazo mapema, kwa hiyo roka zikaguliwe au zibadilishwe. Kemshafti inayoinua valvu zaidi huenda ikahitaji springi nyingine, na ni lazima kuhakikisha valvu hazitagonga pistoni. Kwenye 22R kagua pia cheni na miongozo yake, maana miongozo ya plastiki hukatika na cheni ikaanza kusugua kava yake. Ongeza gasketi, oili, ujira wa fundi, na mapato ya siku ambazo gari litalala gereji.

Kuna gharama nyingine isiyo na risiti. Kemshafti kali hufanya injini itetemeke inapokuwa sailensa, na hupunguza mvuto wa hewa unaosaidia breki. Kwa gari linaloteremka mlima na mzigo, hilo ni suala la maisha ya watu kabla ya kuwa suala la petroli.

Siku ya kuwasha, kemshafti mpya ipakwe grisi yake maalumu, na injini iendeshwe kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika 20 bila kuachwa sailensa. Wengi huharibu spea mpya katika dakika hizo za mwanzo.

Kwa wenye maduka ya spea

Kemshafti za mashindano huonekana na faida kubwa kwa kila moja, lakini wanunuzi wake ni wachache na mtaji hulala rafuni. Mwenye gari la kazi akiuziwa isiyomfaa, hatarudi kununua nyingine. Kabla ya kutaja bei, muulize mteja mambo manne: uwiano wa difu, ukubwa wa tairi, uzito wa mzigo, na mwendo wake wa kawaida. Majibu hayo yatawaonyesha ninyi wote wawili kemshafti ipi ya kuchukua, na ipi ya kuacha.