Vikope: Kung'oa Kope Hakutoshi

Katika sehemu zetu kavu, kama Dodoma na Umasaini, wako akina mama wanaotembea na kibano cha kung'olea kope. Kope zao zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho. Wakizing'oa hupata nafuu, lakini baada ya wiki chache huota tena, nazo zikiwa fupi huchoma zaidi.

Ugonjwa huu ni trakoma, ambao wengi huuita vikope. Vijidudu vyake huenezwa kwa mikono, kanga za kujifutia, na nzi watuao kwenye tongotongo za watoto. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kikope, yaani ngozi ifunikayo jicho, hupata makovu kwa ndani. Miaka ikipita makovu hayo huvuta kope. Mama, kwa kuwa ndiye mlezi, huugua zaidi kuliko baba.

Mtoto hutibiwa kwa azithromaisini ya kumeza, au mafuta ya tetrasaiklini ya macho, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Lakini kope zikishageuka, dawa hazizirudishi. Unahitajika upasuaji mdogo. Mgonjwa hupigwa ganzi, na hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Wengine hungoja mpaka wasione, wakidhani ni kama mtoto wa jicho. Sivyo! Mtoto wa jicho hata akikomaa hutolewa, na mgonjwa kwa kawaida huona tena. Kovu la vikope kwenye kioo cha jicho haliondoki kwa upasuaji huu.

Watoto waoshwe uso kila siku. Hata kisima kikiwa mbali, kikombe cha maji kinatosha.