Mkanda wa 120: Pima Fremu Kabla ya Kununua Kamera

Uko Matembwe, Njombe, umechoka na picha zinazoishia kwenye simu, na sasa unataka kamera ya mkanda mkubwa ili bibi na babu watundikwe ukutani. Vizuri. Kamera ipi, basi? Kwanza chukua rula, upime fremu utakayoitundika.

Kamera hizi zote hula mkanda mmoja, uitwao 120, ambao Kodak waliutoa mwaka 1901. Upana wake ni kama sentimita 6. Kinachotofautiana ni ukubwa wa kila picha: mkanda mmoja hutoa picha 16 za sentimita 6 kwa 4.5, au 12 za 6 kwa 6, au 10 za 6 kwa 7, au 8 za 6 kwa 9.

Gharama je? Gawanya tu. Tuseme mkanda umekufikia kwa shilingi 32,000: ukipiga 16, kila picha ni 2,000, ukipiga 8, ni 4,000, kabla hujalipia kusafisha.

Ukubwa unaleta nini? Ili upate picha ya inchi 8 kwa 10, negativu (kile kipande cha mkanda ambamo weupe huonekana mweusi) ya milimita 35 hukuzwa mara 8 na zaidi. Ya 6 kwa 7 hukuzwa mara 3 na nusu hivi, na nyuzi za sweta la bibi zinahesabika. Tena umbo lake linaenea kwenye fremu hiyo karibu bila kukatwa. Tatizo ni uzito: Mamiya RB67, kamera ya 6 kwa 7, inapita kilo 2, na milima ya Njombe unaijua.

Mraba wa 6 kwa 6 unapendeza, hata mimi naupenda. Lakini ukiukata uingie fremu ya 8 kwa 10, kinachobaki ni karibu sawa na 6 kwa 4.5, nawe umepata picha 12 badala ya 16. Uchague kama ukutani pia utatundika mraba. Kwa picha za familia, ningenunua ya 6 kwa 4.5.

Picha nyeusi na nyeupe unaweza kuzisafisha nyumbani, ndani ya kopo maalumu lisilopitisha mwanga. Dawa nyingi hutaka nyuzi joto 20 za Selsiasi, hivyo baridi ya Juni ikibana, pasha maji kidogo na uweke kipimajoto. Mkanda wa rangi usiuguse; kabla ya kupanda gari, pigia simu studio za Njombe au Makambako uulize kama wanasafisha 120, au wataupeleka wapi.