Kunde, Mchicha na Moshi wa Jiko

Jioni pale kituo cha Rangi Tatu, Mbagala, utamsikia muuza dawa kabla hujamwona. Kipaza sauti kimefungwa kwenye mwamvuli, na sauti iliyorekodiwa inajirudia: dawa ya presha, dawa ya nguvu, dawa ya kuongeza kumbukumbu kwa mwanafunzi na kwa mzee. Nilisimama nikanunua kikopo cha hiyo ya kumbukumbu kwa shilingi elfu tano. Nilipofika nyumbani nikakifungua na kunusa: tangawizi, mdalasini, na manjano kwa mbali. Viungo vya chai, basi. Mama wa genge wa mtaani kwetu angenifungia vyote hivyo na chenji ikabaki.

Sina ugomvi na viungo, nami nitavirudia. Ninachosema ni kwamba elfu tano ile ile ingenunua vitu ambavyo ubongo unavihitaji kweli, na vyote viko gengeni.

Jiji hili lina kisa chake katika jambo hili la chakula na neva, na wakazi wengi hawajawahi kukisikia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa macho wa Dar es Salaam walianza kupokea vijana, wakiwemo wanafunzi wa shule za msingi, ambao macho yao yalififia katikati. Anayeugua huona pembeni, lakini uso wa mtu aliye mbele yake au maandishi ya ubaoni yanakuwa ukungu. Baadhi yao miguu iliwaka moto au kufa ganzi, na wengine masikio yalipungua nguvu. Miwani haikusaidia, kwa sababu kilichodhurika ni mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Mwaka 2011 jarida la Uingereza la madaktari wa macho lilichapisha utafiti uliotaja vihatarishi viwili vya ugonjwa huo hapa Tanzania: upungufu wa foleti mwilini na moshi wa ndani ya nyumba. Kuba nao walipata mlipuko unaofanana na huo kati ya 1991 na 1993. Zaidi ya watu 50,000 waliugua, na serikali ikagawa vitamini za kundi B nchi nzima.

Foleti ni mojawapo ya vitamini hizo za kundi B. Mwili hauwezi kuitengeneza, kwa hiyo lazima iliwe. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 400 kwa siku, na mjamzito 600. Kwa mjamzito suala hili ni la haraka kuliko anavyodhani, maana mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba itungwe, wakati mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Mtoto akiikosa foleti siku hizo anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo sababu vile vidonge vya FEFO vya kliniki, vyenye madini ya chuma na foleti, si vya kuwekwa kabatini kwa kuwa vinachafua tumbo.

Sasa tazama mchicha unavyopikwa nyumba nyingi. Fungu linakatwakatwa vipande vidogo, ndipo linaoshwa. Linachemshwa hadi maji yawe kijani kibichi, kisha linakamuliwa kwa mikono na maji yanamwagwa uani. Foleti huyeyuka kwenye maji, na moto mrefu huiharibu. Unachopeleka mezani ni nyuzinyuzi. Sehemu kubwa ya ulichonunua imeshakwenda na maji ya uani. Geuza utaratibu: osha majani yakiwa mazima, kwenye maji mengi mara mbili au tatu hadi mchanga uishe, ndipo ukate. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha, funika dakika chache tu, malizia na tui zito au karanga za kusaga. Matembele na majani ya kunde yanakubali mwendo huo huo. Kisamvu hakikubali. Hicho lazima kitwangwe na kichemke sana, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi.

Kwa upande wa vitafunwa mimi ni mtu wa bagia za kunde. Kikombe kimoja cha kunde zilizochemshwa kinaikaribia foleti ya siku nzima, na hakuna ungaunga wa kikopo utakaokupa hesabu hiyo kwa bei hiyo. Loweka nusu kilo ya kunde usiku mmoja. Asubuhi zisugue kwa viganja hadi maganda yaelee, yaondoe, kisha saga kwa maji kidogo kabisa. Kazi yenyewe iko kwenye kupiga: shika mwiko, upige mchanganyiko ule upande mmoja dakika kumi, mkono uume, hadi uwe mweupe na mwepesi. Dondosha tone kwenye glasi ya maji. Likizama, endelea kupiga. Likielea, uko tayari. Tia kitunguu maji, giligilani, pilipili mbuzi na chumvi kidogo, na ukipenda konzi ya mchicha uliokatwa. Wengi huzamisha kwenye karai la mafuta. Nyumbani kwangu, ambako kuna mtu wa presha, tunatumia chuma cha vitumbua na matone machache ya mafuta kwa kila shimo. Hazipendezi kama zile zinazouzwa mitaani Tandika, nakiri, lakini mtoto hubeba nne shuleni na chombo hurudi kitupu.

Asiye na muda wa kupiga kunde apike mbaazi za nazi jioni, azile asubuhi na andazi moja badala ya maandazi matatu na chai ya rangi. Na chai yenyewe isogeze mbali na chakula kwa saa moja hivi, hasa kwa watoto na wajawazito, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mtoto mwenye upungufu wa damu husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu.

Dagaa wana kazi nyingine. Vitamini B12, ambayo neva haziwezi kuishi bila yake, haimo kwenye mchicha wala kunde. Inapatikana kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama. Dagaa ndiyo njia yake ya bei nafuu, na kwa kuwa huliwa wazima hakuna kinachopotea. Kaanga wakauke, wanyunyizie ndimu, watafune kama karanga. Karanga na korosho nazo ni nzuri, ila chagua kwa macho. Iliyosinyaa, yenye weusi au uchungu ukiitafuna, tema na utupe fungu zima. Hiyo ni dalili ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo, iliyokuwa kwenye mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara. Mbegu za maboga, hizo tunazozitupa, zikaushe juani na kuzikaanga bila mafuta.

Nirudi kwenye viungo na mitishamba, kama nilivyoahidi. Tangawizi, iliki na mdalasini ni ladha nzuri, na mtu akivizoea hupunguza sukari kwenye kikombe. Hiyo pekee ni faida. Manjano yanasifiwa sana, lakini kiini chake huingia mwilini kwa shida, kidogo afadhali kikiwa na pilipili manga. Tatizo langu na manjano ni unga. Bangladesh iligundulika wafanyabiashara wakiyapaka rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi ni adui mkubwa wa ubongo wa mtoto. Nunua mizizi, usage mwenyewe. Mlonge ni mboga nzuri. Tumia majani, mizizi na magome achana nayo, hasa ukiwa mjamzito. Rozela inashusha presha kidogo, lakini haichukui nafasi ya vidonge vya daktari.

Anayetumia wafarini, kwa mfano aliyewekewa valvu ya moyo, asianze vikombe vikubwa vya tangawizi, manjano au vitunguu saumu bila kumuuliza daktari, kwa sababu damu inaweza kukataa kuganda.

Kisha kuna majani ya mstafeli, yanayochemshwa siku hizi kwa kila ugonjwa. Kwenye kisiwa cha Guadeloupe, ng'ambo ya Atlantiki, madaktari waliona wagonjwa wengi kupita kawaida wa kutetemeka na kukakamaa viungo ambao hawakuitikia dawa. Wakawahusisha na ulaji wa kila siku wa matunda na chai ya majani ya jamii ya mstafeli, ambayo yana kemikali inayoua seli za neva. Stafeli lililoiva kwa nadra halinitishi. Chai ya majani yake kila asubuhi, miezi na miaka, siinywi na simpi mzazi wangu.

Tiba asili ina sheria yake tangu mwaka 2002, na ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa. Muulize muuzaji namba ya usajili. Jibu lake, au ukali wake, utakutosha.

Moshi sasa, kile kihatarishi cha pili cha ugonjwa wa macho. Wapangaji wengi wa chumba na sebule hupikia koridoni au chumbani mvua ikinyesha. Sogeza jiko mlangoni, washa mkaa nje mpaka uwe mwekundu wote, na kamwe usilale na jiko la mkaa ndani ili kupasha chumba joto. Hewa yake haina harufu, humuua mtu akiwa usingizini, na anayepona anaweza kubaki na ubongo uliodhurika.

Na presha, chanzo kikubwa cha kiharusi. Utafiti wa miaka mitatu kuanzia 2003, uliolinganisha Hai mkoani Kilimanjaro na Dar es Salaam, ulikuta kiharusi kipya kwa mwaka ni watu 109 kwa kila 100,000 Hai, na 316 hapa jijini, baada ya kusawazisha umri. Kiharusi ndicho kinachopokonya kumbukumbu na maneno kwa siku moja. Pima presha hata kama hujisikii chochote. Zahanati ya kata inatosha. Punguza chumvi, hasa ile unayonyunyiza juu ya chipsi kabla hujaonja.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukalegea au maneno yakakokota, usisubiri kuona kama ni upepo mbaya, wala usimkande kwa mafuta kwanza. Usimpe chai wala uji, anaweza kupaliwa. Mlaze ubavu, angalia saa dalili zilipoanza, mkimbize hospitali ya rufaa iliyo karibu, Temeke au Mwananyamala, kwa sababu zipo dawa zinazofaa saa chache za mwanzo tu. Na kama alikuwa akinywa dawa yoyote ya mitishamba, beba kikopo chenyewe umwonyeshe daktari. Usione haya; ataulizia.