Mama amerudi kutoka Toronto, usiku halali

Swali: Daktari, mama yetu (66) amerudi Dar es Salaam juzi kutoka kwa dada yangu Toronto. Usiku kucha anapangua masanduku, mchana anasinzia na kikombe cha chai mkononi. Miguu imevimba. Majirani wanasema ni baridi ya huko.

Jibu: Mpe pole ya safari. Baridi haihusiki. Saa nane usiku Dar, Toronto ni jioni, na mwili wake bado uko huko. Kurudi mashariki huchosha kuliko kwenda. Mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku, basi mvumilieni wiki nzima. Siku hizi za mwanzo akae juani alasiri, si asubuhi: jua la asubuhi laweza kumchelewesha zaidi. Mchana asilale zaidi ya nusu saa. Vidonge vya usingizi vya kuazima kwa jirani, hapana!

Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, ni kwa kukaa kitini saa nyingi. Atembee, aiinue akipumzika. Lakini mguu mmoja ukizidi mwenzake, shavu la mguu likiuma na kupata joto, au akihema kwa shida, mpelekeni hospitali papo hapo. Huenda damu imeganda, na hatari hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya safari.