Baba Mwenye Moto

SWALI: Mwanangu wa miaka 4 akimwaga uji tu, nafoka. Rafiki aliyesomea Ayurveda anasema nina pitta nyingi. Nifanyeje?

JIBU: Ayurveda, tiba ya kale ya India, hutaja nguvu tatu mwilini: vata, pitta na kapha. Pitta ni ya moto: husaga chakula na kunoa akili, ila ikizidi huzaa hasira. Moto si aibu. Ndio uivishao wali, ndio uunguzao sufuria. Wataalamu wa Ayurveda hushauri kuamka mapema na kujikanda mafuta ya nazi, yanayosemekana kupoza. Mafundisho haya yachukue kama kioo cha kujitazama, si kipimo cha hospitali. Kesho uji ukimwagika, shika kitambaa, naye mpe chake, mfute uji pamoja. Hapo mnakua wawili.