Kuosha uso kila mara si dawa ya chunusi

Uso hauna nguo. Jua, vumbi, moshi wa jikoni na baridi ya alfajiri huupata moja kwa moja, na doa ambalo lingejificha mgongoni huonekana na kila mtu likitokea shavuni. Ndiyo maana watu wengi, hasa vijana, huhangaika sana na ngozi ya uso. Swali moja ambalo sisi madaktari wa Kisii na Nyamira huulizwa mara kwa mara ni hili: Je, mtu aoshe uso mara ngapi kwa siku?

Jibu ni fupi. Osha mara mbili, asubuhi unapoamka na jioni kabla ya kulala. Ukitokwa na jasho jingi au ukijaa vumbi kazini, osha tena. Hata hivyo, msomaji anafaa kuelewa sababu ya jibu hili, kwa kuwa wengi wanaoharibu ngozi yao si wachafu. Ni watu wasafi wanaojisugua kupita kiasi, na sabuni inapowashinda, hukimbilia krimu za hatari.

Jinsi ngozi inavyojilinda

Tabaka la juu la ngozi ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni seli, na simiti inayoyashikanisha ni mafuta ya asili. Ukuta huu huzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Juu yake kuna utando mwembamba wenye asidi kidogo. Katika kipimo cha asidi ambacho maji safi huwa 7, ngozi yenye afya huwa karibu 5.

Sabuni nyingi za kipande huwa kati ya 9 na 10. Mtu akioga kwa sabuni hiyo na kujisuuza vizuri, ngozi hujirekebisha baada ya muda. Akijipaka sabuni usoni mara tano au sita kwa siku, haipati nafasi ya kujirekebisha. Simiti huyeyuka, ukuta hupata nyufa, na uso huanza kubana, kuwasha na kutoa magamba. Sabuni ya kufulia ni mbaya zaidi, kwani imetengenezwa ili iondoe uchafu na mafuta kwenye nguo.

Chunusi si uchafu

Vijana wengi huambiwa nyumbani na shuleni kwamba wana chunusi kwa sababu hawaogi vizuri. Maneno hayo huumiza, tena si ya kweli. Mtoto anapobalehe, homoni huzichochea tezi za ngozi zitoe mafuta mengi. Mafuta hayo huchanganyika na seli zilizokufa na kuziba kitundu cha unywele. Bakteria wanaoishi humo huongezeka, kisha ngozi huvimba na kuwa nyekundu au nyeusi. Hata kile kidoa cheusi kinachoonekana kwenye ncha ya chunusi si uchafu. Ni rangi ya ngozi yenyewe iliyobadilika ilipokutana na hewa. Huwezi kukisugua kikatoka.

Mwaka wa 2006, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi mdogo kuhusu wanaume wenye chunusi. Baadhi yao waliosha uso mara moja kwa siku, wengine mara mbili, na wengine mara nne, kwa muda wa wiki sita. Walioosha mara mbili walipata nafuu kiasi. Walioosha mara moja chunusi zao zilizidi. Wale wa mara nne hawakupata faida iliyowazidi wa mara mbili. Kwa hivyo kuosha husaidia, lakini kuzidisha hakuongezi chochote.

Hali ya hewa na kazi za kwetu

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Asubuhi huwa na baridi, na wengi wetu huosha uso kwa maji yaliyotoka motoni. Maji ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi kama yanavyoyeyusha mafuta kwenye sufuria. Tumia maji baridi au ya vuguvugu. Baridi isikudanganye kuhusu jua pia, kwa kuwa katika nyanda za juu miale yake ni mikali. Mchuma chai na mwendesha bodaboda wanafaa kuvaa kofia au kitu kingine cha kukinga uso, kwani jua huzidisha weusi wa madoa yanayoachwa na chunusi.

Wachongaji wa mawe kule Tabaka hurudi nyumbani wakiwa weupe kwa vumbi. Wao wasuuze uso kwa maji mengi kwanza, ndipo wapake sabuni. Ukisugua vumbi hilo likiwa kavu, unaikwaruza ngozi.

Waislamu je, ambao hutawadha mara tano kwa siku? Wasiwe na wasiwasi. Maji matupu hayana ukali wa sabuni. Wakiona ngozi inakauka, wajipake mafuta kidogo.

Namna ya kuosha

1. Nawa mikono kwanza.

2. Lowesha uso, kisha paka sabuni laini isiyo na manukato makali kwa ncha za vidole. Usitumie brashi, dodoki wala jiwe.

3. Suuza mpaka utelezi wa sabuni uishe.

4. Jifute kwa kugusagusa na taulo safi. Kila mtu nyumbani awe na taulo yake.

5. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mepesi. Mwenye chunusi aepuke mafuta mazito usoni, na mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso.

6. Ukiwa na ngozi kavu, tumia sabuni jioni pekee, na asubuhi maji yatatosha.

Usitumbue chunusi. Usipake dawa ya meno, limau wala dawa ya kung'arisha nguo. Vitu hivi huchoma, na katika ngozi nyeusi kidonda kidogo huweza kuacha doa la miezi mingi.

Sabuni inaposhindwa

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mtu aliyechoka na chunusi huuziwa sokoni au dukani krimu isiyo na maelezo, akaahidiwa uso laini kwa siku chache. Na kweli, siku za kwanza uso hung'aa. Mara nyingi krimu kama hiyo huwa na steroidi kali, kama vile klobetasoli au betamethasoni. Hizi ni dawa halali za magonjwa fulani ya ngozi, lakini zikipakwa usoni kiholela, ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, nywele huota mashavuni, na chunusi hurudi kwa wingi. Akijaribu kuacha, uso humuwaka kama moto, hivyo hurudi kununua nyingine.

Krimu na sabuni nyingine za kujichubua huwa na zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni mwaka wa 1998, lakini bidhaa za aina hii bado huuzwa kichinichini. Ikiwa umetumia krimu ya steroidi kwa miezi mingi, usiiache ghafla peke yako. Ipeleke kwa daktari pamoja na pakiti yake, naye atakuelekeza namna ya kuipunguza.

Chunusi zina dawa zake. Katika duka la dawa lililosajiliwa, muulize mfamasia kuhusu benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Anza na kiasi kidogo usiku, na uwe na subira ya wiki sita hadi nane. Mama mjamzito asitumie dawa yoyote ya chunusi kabla ya kuzungumza na daktari.

Umwone daktari lini?

Nenda hospitali chunusi zikiwa kubwa, zenye maumivu au zinazoacha makovu. Nenda pia ukiwa na baka lisilohisi ukiguswa, au uvimbe wenye joto unaoenea pamoja na homa. Msichana mwenye chunusi nyingi, nywele za kidevuni na hedhi isiyo na mpango anahitaji uchunguzi. Mtoto mwenye vidonda vinavyotoa maji na kuganda usoni anahitaji matibabu, si kusuguliwa.

Mzazi, mwanao akijifungia bafuni na kipande cha sabuni, usimcheke wala kumwita mchafu. Mweleze kwamba maji, sabuni laini na mara mbili kwa siku vinatosha. Mengine yaliyobaki ni kazi ya dawa na subira.