Kabla hujanunua farasi wa muuzaji

Mdogo wangu wa Mlowo, umeniandikia kwamba umepata magari mawili ya kubebea mahindi na kahawa kwenda Tunduma, na muuzaji anakukazania lile lenye farasi wengi. Kabla hujatoa hela, keti na dada yako kidogo.

Umewahi kumwangalia utingo akifungua nati za tairi pale kwenye foleni ya mpakani? Spana ikigoma, huchomeka bomba refu mpinini, akalikanyaga. Nati inalegea. Uzito wa utingo haujaongezeka. Bomba ndilo lililorefusha mkono. Hiyo nguvu ya kusokota ndiyo toki, na hupimwa kwa niutoni mita, Nm.

Farasi ni toki hiyohiyo ikihesabiwa pamoja na kasi. Chukua toki, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 7022, utapata farasi. Kwa hiyo gari dogo kama IST ya petroli ya lita 1.5 lina farasi karibu 110, ila linawapata injini ikizunguka mara 6000. Lori dogo la Canter la dizeli, lita 4.2, haliipiti IST mbali kwa farasi, lakini toki yake ni karibu Nm 300, zaidi ya mara mbili ya IST, tena linaipata mapema, mizunguko 1600 hivi.

Na mzigo huondoka injini ikizunguka polepole, mdogo wangu. Foleni ya Tunduma inasogea hatua kumi, inasimama; kila kusogea ni kuondoka upya. Gari lisilo na toki kwenye mizunguko ya chini utalikanyagia mafuta huku umeshikilia klachi nusu. Mwaka wangu wa kwanza wa biashara niliunguza klachi mbili hivyo, na hakuna aliyenieleza sababu. Iliniuma sana.

Farasi nao usiwadharau. Ukifika kwenye mlima ukapangua gia, toki inayofika kwenye tairi inaongezeka, lakini gia haizai farasi hata mmoja. Wakiwa wachache utapanda, ila kwa mwendo wa kinyonga, na foleni ya semi nyuma yako.

Basi mwulize muuzaji: toki ni ngapi, na inapatikana kwenye mizunguko mingapi? Kisha omba kulijaribu likiwa na magunia, usimame katikati ya kilima, uondoke. Akikataa lipakiwe mzigo, rudi nyumbani na hela yako.